Timu iko mkiani, utamsajili nani?

Nimekuwa kocha msaidizi wa mpira wa kikapu katika chuo kidogo cha Divisheni ya Kwanza, ngazi ya juu ya michezo ya vyuo, huku Marekani, timu iliyozoea kufungwa. Nawaandikia vijana wetu wanaoingia kazi hii, kwa sababu msaidizi mgeni ndiye hubebeshwa usajili: anapewa simu na orodha ya majina, basi.

Orodha hiyo iweke pembeni kwanza. Kaa na wachezaji mlio nao. Mfumo wa uhamisho, yaani orodha ya mtandaoni ya wachezaji wanaotaka kuhama chuo, ulianza 2018, na 2021 anayehama mara ya kwanza akaondolewa sharti la kukaa msimu mzima bila kucheza. Tangu hapo mchezaji wako bora yuko sokoni kila msimu ukiisha. Hata ushindi haumzuii. Mwaka 2022 Saint Peter's, chuo kidogo cha Jersey City, kiliitoa Kentucky, moja ya timu kubwa za vyuo, na kufika robo fainali ya taifa. Siku chache baadaye kocha wao alikuwa amehamia chuo cha Seton Hall, kisha wachezaji wengi wakatawanyika. Kwa hiyo kila anayebaki kwako, mhesabu kama umemsajili upya. Tena hao hao ndio watakaomtembeza kijana atakayekuja kukitazama chuo, na wakiwa faragha atawauliza kocha anakuwaje mkishafungwa. Jibu lao lina uzito kuliko hotuba yako yote.

Kwenye pesa msishindane. Tangu Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura zao, na tangu 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa. Kikomo cha mwaka wa kwanza kilikuwa kama dola milioni 20.5 kwa chuo. Chuo chenu hakina hata chembe ya hizo. Mnacho dakika za uwanjani, na shahada. Hata hizo dakika usimwahidi mtu kwamba ataanza kila mechi. Mwambie nafasi iko wazi, na nani mwingine anaigombea.

Mama mmoja Mkongo, nimekaa sebuleni kwake, hakuniuliza habari ya vikombe. Aliuliza, "Kocha, mtoto akivunjika goti, mtaendelea kumlipia masomo?" Nikamfungulia barua ya ufadhili, nikamwonyesha mstari unaosema ni wa mwaka mmoja, unaoweza kurudiwa. Kisha nikamweleza kwamba kanuni zinaruhusu ufadhili wa miaka kadhaa na kwamba ana haki ya kuuomba. Uwe na majibu ya aina hiyo mkononi kabla hujabisha hodi, na kama chuo chako hakitoi ufadhili wa miaka mingi, useme hivyo hivyo. Familia inasamehe rekodi mbaya. Kufichwa jambo haisamehi.

Halafu tafuta wanaorukwa na wakubwa. Stephen Curry, nyota wa NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, alidharauliwa na vyuo vikubwa kwa umbo lake dogo. Davidson, chuo kidogo, wakamchukua, na 2008 wakafika robo fainali. Tangu Hasheem Thabeet atoke Dar es Salaam, akapita UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut) na kuchaguliwa wa pili kwenye drafti ya 2009, ambako timu za NBA huchagua wachezaji wapya, video za vijana warefu wa kwetu hazikauki. Urefu unauona hata kwenye picha. Mimi natazama akipoteza mpira: anamlalamikia mwamuzi, au anageuka na kukimbia kurudi kukaba?

Kijana wa Dar au Goma akikubali, msaidie na karatasi mapema. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, inadai masomo ya msingi 16 na vyeti vya shule, kisha kuna foleni ya viza. Na mweleze mzazi kwamba viza ya mwanafunzi inabana kazi za malipo nje ya chuo, hivyo asihesabu zile pesa za matangazo anazosikia wenzake wakilipwa. Haya yote yaanze Septemba. Ukisubiri Mei, msimu utafunguliwa kijana akiwa bado nyumbani.