Muziki, MC na vigelegele: sauti isipasuke kwenye video ya harusi

Wadogo zangu mnaoanza kuhariri video za harusi, maswali yenu mengi ni ya picha: rangi, lenzi, droni. Mteja anayerudisha kazi mara nyingi analalamikia sauti. MC anatangaza maharusi, muziki uko juu, akina mama wanapiga vigelegele, na hapo hapo spika inakwaruza. Sikiliza kila traki (mstari mmoja wa sauti) peke yake, ni safi. Zikiungana ndipo zinapasuka.

Ni hesabu tu. Traki zote hujumlishwa kuwa wimbi moja, na wimbi hilo lina dari, desibeli 0. Ndiyo maana namba za kwenye mita ni za hasi, zinahesabiwa kushuka kutoka juu. Kwenye faili la biti 16 namba kubwa kabisa ni 32,767. Kinachozidi hapo kinakatwa, kichwa cha wimbi kinabaki bapa, na ubapa huo ndio mkwaruzo.

Sasa, wimbo wa Bongo Fleva uliotoka studio umeshapandishwa mpaka karibu unagusa dari. Ukiuweka kwenye taimulaini kama ulivyo, umejaza nafasi yote peke yake, na hata mtu akikohoa juu yake panamwagika.

Kwa hiyo anza na sauti ya mtu. Zima traki zote, bakiza ya MC, ipange vilele vyake vifike kama hasi 12. Kisha leta muziki kutoka chini kabisa, upandishe polepole mpaka usikike bila kufunika neno lolote. MC akinyamaza, upandishe zaidi, akirudi, ushushe. Sauti ya ukumbi iingie mwisho. Kwa nini hasi 12? Traki nne zenye vilele vya kiwango hicho, vikigongana vyote kwa wakati mmoja, jumla yake inafika sifuri. Vigelegele vina vilele vikali ajabu, basi kata kipande hicho tu ukishushe, usiiadhibu traki nzima.

Kuna ujanja unaopendwa sana, mimi siupendi: kunakili traki ya MC na kuziweka zote mbili "ili asikike". Traki mbili zinazofanana kabisa zinaongeza desibeli 6, basi. Kitelezi kingekupa hizo hizo 6, na ungeona unachofanya.

Mwingine atakwambia ushushe masta, kile kitelezi cha jumla cha traki zote. Hakudanganyi. Programu nyingi za leo hufanya hesabu zake za ndani kwa biti 32 zenye desimali, kwa hiyo sauti iliyovuka dari haijapotea mpaka unaporenda, yaani unapotoa faili la mwisho. Lakini masta inamshusha MC pamoja na muziki uliomfunika, na uwiano mbovu unabaki pale pale. Limita nayo, kichujio kinachozuia vilele kuvuka kiwango ulichoweka, iweke kwenye masta, dari yake hasi 1, idake kilele kimoja kimoja. Ukiona inafanya kazi muda wote, rudi kwenye traki.

Wanaounganisha sauti kwa FFmpeg, programu ya kuandikia amri, wana mkasa wao. Kichujio cha amix, usipokiambia kitu, hupunguza kila sauti kulingana na idadi ya sauti zinazounganishwa. Hakuna kinachopasuka, ila MC anafifia, halafu muziki ukiisha anapanda ghafla. Andika normalize=0, kisha panga viwango mwenyewe kwa kichujio cha volume.

Haya yote hayasaidii sauti iliyopasuka tangu ukumbini, mathalani waya wa mikseri ya DJ ulipochomekwa kwenye kamera iliyowekwa kupokea sauti dhaifu ya maikrofoni. Ukiishusha unapata mkwaruzo wa chini. Tafuta sehemu hiyo kwenye kamera ya pili, hata kama ina mwangwi.

Ukimaliza kurenda, lirudishe faili kwenye programu uangalie mita tena. Kubana kwa AAC, mfumo wa kupunguza ukubwa wa sauti kwenye faili la video, hubadilisha wimbi kidogo, na vilele vinaweza kutoka juu kuliko ulivyoviacha. Ile hasi 1 ni kwa ajili ya hilo. Na mteja akitaka video "ipige kuliko za wengine" huko YouTube, mwambie mapema kwamba YouTube huzishusha yenyewe video zenye sauti iliyozidi kiwango chake.