Maswali ya Wasomaji: Huyu Mwekundu Mwenye Mwiba Mgongoni ni Nani?

SWALI: Habari zenu, niko South B na nina tenki ya maji chumvi ya lita 300, huu mwaka wa pili. Juzi nimeona samaki kwa muuzaji mmoja hapa Nairobi, mdogo hivi, mwekundu, tumbo jeupe, na mbele ya pezi la mgongoni ana kitu kirefu kama mwiba. Muuzaji anasema ni wakanda, eti adimu sana, na bei aliyotaja imenitoa jasho. Ni yeye kweli? Na kama sio, wa kweli nampata wapi? – Baba Imani

JIBU: Baba Imani, asante kwa picha, na afadhali umeuliza kabla hujalipa. Huyo si wakanda. Ni wa ukoo huohuo ndiyo, Cirrhilabrus, wale wenye akwaria wanawaita feari rasi, lakini wakanda wa kweli alipewa jina la kisayansi 2019 tu, alitoka miamba ya Zanzibar kwenye kina cha mita 50 hadi 80, na magamba yake ni ya zambarau yaliyojipanga kama mnyororo. Huo mwiba hana.

Mimi naangalia mwiba kwanza. Wako feari rasi ambao dume miiba yake miwili ya kwanza mgongoni inarefuka ikasimama kama bendera, na wa pwani yetu ya Afrika Mashariki anaitwa Cirrhilabrus africanus, jina alilopewa 2016. Rangi na huo mwiba vinamfaa kabisa. Zamani watu walimchanganya na ndugu yake wa Bahari ya Shamu, rubriventralis, kwa hivyo muulize muuzaji amevuliwa wapi, hilo swali linasaidia kuliko kukodolea picha usiku kucha. Tena hakikisha ni dume, maana hawa wote huanza wakiwa majike halafu mkubwa anageuka dume, na majike wa aina tofauti wanafanana mno, ukiuziwa kajike kwa jina la kifahari huna namna ya kubisha.

Yupo mwingine wa kwetu, exquisitus, anaishi maji ya kina kidogo zaidi, ana doa jeusi kwenye shina la mkia. Huyo ni mzuri ajabu na si mgumu kupata.

Kumpata feari rasi wa pwani yetu sasa. Pwani kuanzia Kilifi mpaka Shimoni kuna wapiga mbizi wanaovua samaki wa akwaria kwa leseni, ila mzigo mwingi unapandishwa ndege kwenda nje, kwa hivyo mwambie muuzaji wako aagize mapema kabla haujafungwa. Na akikuambia katoa ndani ya hifadhi kama Kisite au Watamu, ondoka, huko kuvua ni marufuku na hiyo miamba tunaihitaji.

Kabla ya kutoa pesa mwombe amlishe ukiona kwa macho yako. Mzima anarukia uduvi hapohapo. Anayeogelea mkia juu kichwa chini, au tumbo limefura upande mmoja, huenda alipandishwa kutoka kina kirefu haraka mno hewa ikamjaa kwenye kibofu, huyo mwache hata akishushwa bei. Lakini ukimkuta asubuhi na mapema amejifunika ute kama ganda la plastiki usishtuke, wengi wao ndivyo wanavyolala.

Nyumbani mpe mara mbili au tatu kwa siku, kidogo kidogo, kwa sababu baharini anadonoa vidudu vya majini mchana kutwa. Dume moja tu kwa tenki yako, na ukipata majike wawili mtilie, dume akikaa peke yake muda mrefu rangi inapoa. Na hawa wanaruka jamani, kashindo kadogo tu, stima ikipotea na kurudi ghafla, unamkuta sakafuni amekauka. Kwa hivyo neti ya matundu madogo ifunike tenki yote, hata pale kwenye kona bomba la pampu linapopita, na uifunge kabla samaki hajafika nyumbani.