Nani alishiriki faili?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mhariri msaidizi katika tovuti ya habari. Juzi tulitafsiri makala inayoeleza jinsi serikali zinavyozibana tovuti zinazotuhumiwa kwa uharamia wa filamu, muziki na vitabu. Kichwa cha habari nilikiandika hivi: "Serikali zafunga tovuti za kushiriki faili." Mwenzangu akasema "zafunga" ni kosa, iwe "zafungia". Tumebishana siku nzima. Nani mkweli?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mmebishana siku nzima juu ya neno la pili, na neno la tano likapita mbele ya macho yenu bila hata mmoja wenu kuliuliza linakwenda wapi.

Nianze na mlilouliza, maana halina safari ndefu. Kufunga ni kukomesha. Duka lililofungwa halina muuzaji wala mnunuzi. Kufungia ni kumzuia mtu au kitu kisifanye kazi yake mahali fulani au kwa muda fulani: mchezaji hufungiwa mechi tatu, wimbo hufungiwa redioni, lakini mchezaji yupo na wimbo upo. Tovuti nazo ni hivyo hivyo. Tarehe 19 Januari 2012, Wizara ya Sheria ya Marekani iliwafungulia mashtaka wenye Megaupload, tovuti ya kuhifadhi mafaili, ikatwaa majina ya vikoa vyao, yaani anwani za tovuti, na kuzitoa hewani seva zao, kompyuta zilizohifadhi mafaili hayo. Kim Dotcom, mwanzilishi, akakamatwa nyumbani kwake New Zealand. Tovuti iliyojinadi kuwa na watumiaji milioni 150 waliojiandikisha ikazimika, na pamoja nayo yakapotea mafaili ya watu waliokuwa wamehifadhi humo kazi zao halali kabisa. Hiyo imefungwa. Mwaka huo huo, Mahakama Kuu ya Uingereza iliziamuru kampuni za intaneti ziwazuie wateja wao wasiifikie The Pirate Bay, tovuti iliyowaelekeza watu filamu na nyimbo ziliko. Tovuti yenyewe haikuguswa; aliyekuwa katika nchi isiyoizuia aliifungua kama kawaida. Hiyo imefungiwa. Kwa hiyo wewe na mwenzako mna haki nyote wawili, kila mmoja na tovuti yake.

Sasa tuje kwenye "kushiriki faili".

Kushiriki ni kuingia katika jambo pamoja na wenzako, kuwa mmoja wa wanaolifanya. Asili yake ni Kiarabu, na ndugu zake unawajua: shirika, ushirika, mshiriki, hata ushirikina. Wote wanazungumzia watu au vitu vilivyounganishwa katika jambo moja. Unashiriki mkutano, unashiriki mazishi, unashiriki mashindano. Faili utalishirikije? Faili si shughuli. Halina mlango wa kuingilia.

Chukua mfano ambao nimekuwa nao kichwani kwa miaka, na ambao sitachoka kuutoa: "Kijana ashtakiwa kwa kushiriki filamu 40." Mpe kichwa hicho mtu aliyekua na Kiswahili na asiyejua lugha ya kompyuta. Ataelewa nini? Ataelewa kwamba kijana huyo ni mwigizaji. Hana namna nyingine ya kuelewa, kwa sababu tangu zamani tunasema "filamu aliyoshiriki" tukimaanisha filamu aliyoigiza au aliyofanyia kazi. Atashangaa kipaji cha kijana mwenye filamu 40, kisha atajiuliza kosa liko wapi. Pengine zilikuwa filamu chafu? Pengine aliigiza bila mkataba? Atasoma habari nzima akimtafuta mwigizaji ambaye hayumo.

Ugeuze sasa mfano huo. "Mwigizaji akana kushiriki filamu iliyovuja." Amekana nini? Amekana kwamba sura ile kwenye kioo ni yake, au amekana kwamba ndiye aliyeivujisha mtandaoni? Kanusho la kwanza linahusu kazi yake, la pili linahusu uhuru wake. Yanahitaji ushahidi tofauti na wakili tofauti, na huenda moja ni kweli na jingine uongo. Kitenzi kimoja kimeyafunika yote mawili, na mwandishi hana habari kwamba ameandika sentensi isiyosema kitu. Weka "kuigiza" au weka "kusambaza", na mtoto wa darasa la nne ataelewa.

Najua kosa lilikoanzia. Kiingereza kina kitenzi kimoja, "share", kinachobeba mizigo miwili: kuwa na sehemu katika jambo, na kumpa mwenzako kitu ulicho nacho. Kiswahili kimeitenganisha mizigo hiyo. Anayeingia katika jambo hushiriki. Anayetoa kitu hutoa, hugawa, hupa, hutuma, husambaza. Watafsiri wa programu za simu walifungua kamusi, wakachukua neno la kwanza waliloliona, wakalibandika kwenye kitufe. Tangu siku hiyo kila simu inatuamuru: "Shiriki picha hii." Mwaka jana niliombwa kupitia tafsiri ya masharti ya huduma moja ya mtandaoni. Nikakuta imeandikwa: "Usishiriki maudhui yenye hakimiliki." Nikamuuliza binti aliyetafsiri: mtumiaji akisoma hapa, ajizuie kufanya nini hasa? Kusoma? Kuangalia? Kutuma? Alinyamaza kidogo, akasema, "Mwalimu, ndivyo simu inavyosema." Hakuwa mvivu, alikuwa amefanya kazi nzuri katika kurasa nyingine zote. Lakini hapo alikuwa ameacha kusikiliza alichokisikia tangu utotoni, akaifanya simu kuwa mama yake wa pili wa lugha. Jambo hilo liliniuma kuliko kosa lenyewe.

Utaniambia, basi tuseme "kushirikisha". Nafuu, ila angalia kinachoshirikishwa. Kitenzi hicho hutaka mtu: nilimshirikisha jirani mpango wangu, msanii amemshirikisha mwenzake katika wimbo. Ukisema "alishirikisha filamu", umeifanya filamu kuwa ndiyo iliyoalikwa kwenye jambo. Na "kugawana" je? Hapana, kwa sababu nzito zaidi. Kugawana ni kukata. Tukigawana mkate, nusu yangu si mkate mzima. Faili likitumwa kwa watu elfu moja, aliyelituma bado analo zima, halikupungua hata herufi moja.

Msione huo ni uchambuzi wa kitoto. Hoja iyo hiyo ilifika Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani mwaka 1985, katika kesi ya Dowling. Kulikuwa na santuri za Elvis Presley zilizochapwa bila idhini na kusafirishwa kutoka jimbo moja hadi jingine, na serikali ikataka kumtia Dowling hatiani chini ya sheria ya kusafirisha mali ya wizi. Mahakama ilikataa. Anayekiuka hakimiliki ametenda kosa, na lina sheria yake, lakini hakuondoka na kitu mkononi mwa mwenyewe kama mwizi anavyoondoka na ng'ombe. Majaji walipima neno "wizi" wakaona halikai. Nasi tupime yetu.

Ukitaka neno sahihi, tazama kwanza watu wanafanya nini, maana tovuti hizi hazifanani. Napster, iliyoanza 1999 na kuzimwa kwa amri ya mahakama 2001, haikuhifadhi nyimbo. Ilihifadhi orodha tu ya nani ana nini, na nyimbo zenyewe zilikaa katika kompyuta za watu, wakipokezana. Hapo sema kubadilishana au kupeana, maana leo unatoa na kesho unapokea. Megaupload ilikuwa ghala. Mmoja anapakia, anapata kiungo, watu asiowajua wanapakua. Hakuna kupeana hapo. Anayepakua hakutoa kitu. Sema kuhifadhi na kusambaza. (Kupakia na kupakua, kwa njia, ni tafsiri safi. Aliyezichagua alikumbuka mizigo na vyombo vinavyoibeba, na hakuna aliyewahi kuniuliza maana yake.)

Halafu kuna BitTorrent, utaratibu uliobuniwa na Bram Cohen mwaka 2001. Faili hukatwa vipande vidogo vidogo. Ukiwa bado unapakua kipande cha tano, kompyuta yako tayari inawapa wengine kipande cha kwanza ulichokwisha kukipata. Kila apokeaye ni mtoaji papo hapo. Kwa jambo hili Kiswahili kina neno la zamani ambalo karibu tulipoteze: kula kikoa, yaani kula pamoja kwa zamu, kila mmoja akileta chakula siku yake. Leo "kikoa" tumekipa kazi ya kuwa anwani ya tovuti, ndiyo ile inayotwaliwa na serikali zinapofanya msako. Sitaki kukirudisha nyuma, kimeshazoeleka. Ninasikitika tu kwamba neno lililobeba picha kamili ya BitTorrent tulikuwa nalo mkononi, tukaenda kuazima "kushiriki".

Na hapa ndipo hasira yangu inapopata msingi wake. Kuna mahali katika habari hizi ambapo "kushiriki" ndilo neno hasa, na halina mbadala. Aprili 2009, mahakama ya Stockholm, Uswidi, iliwatia hatiani watu wanne wa The Pirate Bay, kila mmoja kifungo cha mwaka mmoja, na kwa pamoja walipe fidia ya kronor milioni 30. Utetezi wao ulikuwa kwamba seva zao hazikuwa na filamu hata moja. Ni kweli, zilikuwa na mafaili madogo ya kuelekeza vipande viliko. Lakini hawakutiwa hatiani kwa kunakili; walitiwa hatiani kwa kuwasaidia wengine kuvunja hakimiliki. Walijua, waliwezesha, walikuwa sehemu ya jambo. Kwa Kiswahili: walishiriki. Katika rufaa, Novemba 2010, watatu wao walipunguziwa vifungo, fidia ikapandishwa hadi kronor milioni 46, na hatia ikabaki pale pale kwa sababu ya kushiriki huko.

Sasa iandike habari hiyo kwa lugha ya vitufe vya simu: "Wanne wafungwa kwa kushiriki kushiriki faili." Umeona? Neno umelitumia ovyo kwenye faili, na lilipohitajika kwa hatia, limekuja limechoka. Msomaji hawezi tena kutofautisha aliyetuma filamu na aliyefungua mlango ili zitumwe, na huo ndio ubishi wote uliochukua miaka mahakamani. Kesi nyingi za namna hii zinasimama juu ya tofauti hiyo moja: nani alinakili, nani alisambaza, nani alisaidia, nani alipakua tu akaangalia. Adhabu zao si moja. Kiswahili kina kitenzi kwa kila mmoja wao, tena cha wazi. Mwandishi anayewaita wote "walioshiriki faili" amewahukumu kwa pamoja kabla hakimu hajakaa.

Kuhusu "uharamia" hukuniuliza, lakini najua utauliza kesho. Liache. Haramia kwa asili ni mwizi, mnyang'anyi, wa nchi kavu au wa baharini, na wenye hakimiliki ndio waliolipenda neno hilo kwa ukali wake. Waingereza waliwaita maharamia wachapaji wa vitabu vya wenzao tangu karne ya 17. Ni neno la upande mmoja wa kesi, kwa hiyo mtuhumiwa muite mtuhumiwa mpaka ahukumiwe. Lakini linaeleweka, na halikunyang'anya neno jingine kazi yake.

Na vijana wanaosema "kushea"? Nimewagombeza miaka mingi na leo nasimamisha. "Nishee hiyo video" ni neno la kuazima na linajulikana ni la kuazima; limekuja na mguu wake, halikukanyaga wa mtu. Kwenye mazungumzo liwe. "Nirushie" ni zuri zaidi, na "nitumie" linatosha popote. Ningetaka katika habari uandike kusambaza, lakini kati ya kushea na kushiriki, mara mia kushea.

Kichwa chako basi kiandike hivi, kwa kuwa makala yenyewe ina tovuti za aina zote mbili: "Serikali zafunga, zafungia tovuti za kusambaza mafaili." Mwenzako atapata neno lake, nawe lako. Na ndani ya habari, kila unapokutana na "kushiriki", simama uulize: ni jambo gani hilo ambalo mtu huyu aliingia? Usipolipata, lifute.