Kupiga picha vitwitwi ukiwa umelala chini: mbona mchanga mkali, ndege ukungu?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina kamera ya fulfremu (yenye sensa kubwa) na lenzi ya kuvuta mbali ya 150-600mm, napiga picha wale vitwitwi, ndege wadogo wa ufukweni wanaokimbizana na mawimbi. Nalala kabisa chini ila mchanga ndo unatoka mkali, ndege mwenyewe ukungu, na nikimsogelea tu anaruka. Ninunue lenzi nyingine?

JIBU: Marahaba. Hela yako iache kwanza, hiyo lenzi inatosha.

Anza na swichi iliyo ubavuni mwa lenzi, ile ya mipaka ya fokasi, yaani umbali ambao lenzi inatafuta kitu cha kukitoa kikali. Lenzi nyingi za aina hiyo zina chaguo la kuanzia mita 10 hivi kwenda mbele, mtu anaiweka hapo ili fokasi iwahi halafu anasahau, sasa kitwitwi kaja mita 6 we unabonyeza weee, lenzi inahangaika tu. Irudishe full, itafute umbali wote.

La pili, ukilala hivyo mchanga wa mbele ya ndege unaingia kwenye fremu karibu kabisa na miguu yake, na kamera ukiipa eneo kubwa la fokasi inapenda kushika kilicho karibu. Tumia nukta moja ndogo, iweke kichwani, au kama kamera inatambua macho ya ndege iwashe. Na hapo hamna nafasi ya kukosea: kwa 600mm, f/6.3 (hiyo f ni uwazi wa lenzi, namba ikipanda uwazi unapungua na sehemu kali inaongezeka), mita 6, sehemu inayotoka kali ni kama sentimita 4 tu, wakati kitwitwi mdogo kabisa ana urefu wa sentimita 13 hivi, kwa hiyo akikuelekea jicho linakaa vizuri ila mkia ushapotea. Msubiri ageuke ubavu. f/8 inasaidia kidogo. Shata, yaani muda wa kupiga, iwe sekunde 1/2000 kwa anayekimbia, ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) ipande tu, chenga za picha zinasafishika lakini jicho lililotikisika hulirudishi.

Sasa hili la kuruka ndo kubwa. Usimfuate. Hawa wanakula huku wanatembea kufuata ukingo wa maji, we angalia wanaelekea wapi, zunguka kwa mbali, lala mbele yao kabla hawajafika na utulie, hata kiwiko usikisogeze hovyo. Maji yakiwa yanajaa ni bora zaidi maana yanawasukuma waje upande wako (nawe chunga wimbi, kamera na chumvi hawapatani kabisa). Mara nyingi watakuja mpaka karibu kuliko lenzi inavyoweza kufokasi. Ukiona kaacha kudonoa, kanyoosha shingo au anaanza kukupa mgongo, ganda hapohapo mpaka arudi kula. Wengi wao ni wasafiri wa masafa marefu, wanakula ili waweke mafuta ya safari, ukiwarusharusha unawamalizia akiba, na wakiwa wamejikusanya kupumzika maji yakijaa usiwasogelee kabisa.

Halafu saa. Mchanga ukishapata moto, hewa ya juu yake inacheza, na we lenzi yako iko chini kabisa unapiga kupitia hewa hiyohiyo, hakuna setingi ya kuponya hiyo. Nenda asubuhi mapema.

Ukifanya yote hayo na jicho bado linagoma, nitumie picha moja ambayo hujaikata, na uniambie umbali na shata uliyotumia.