Ukitaka kuandika sanamu ya kutishia ndege, anza na ndege

Hadithi yangu ya kwanza ya kutisha ilikuwa na sanamu ya kutishia ndege. Niliipa kofia iliyochanika, mikono ya fito na mdomo ulioshonwa kwa uzi mweusi, na usiku wa manane ikashuka mtini na kuwafuata watu majumbani mwao. Niliipenda mno. Nikaipeleka kwa mhariri mmoja, akanirudishia ikiwa na swali moja pembeni mwa ukurasa wa kwanza: "Inalinda nini?"

Sikuwa na jibu. Shamba nililitaja, lakini halikupandwa kitu. Mwenye shamba hakuwepo, na katika kurasa kumi na nne hakupita ndege hata mmoja. Nilichukua sura ya ile sanamu nikaiacha kazi yake.

Tangu hapo nimesoma na kutazama kila kazi niliyoipata yenye sanamu hii. Kwa wewe unayeandika hadithi au mswada wa filamu, au unayechambua kazi za wengine, nina ushauri huu: mwangalie ndege kabla ya kuiangalia sanamu.

Wahenga waliuliza, kinyago ukichonge mwenyewe halafu kikutishe? Aliyefunga fito mbili, akazivika shati na kulijaza mabua, anajua kuwa mle ndani hamna kitu. Ndege ndiye asiyejua, na siku akijua, kazi imekwisha. Kila anayeamia ndege amejifunza hili kwa hasara: sanamu ikikaa mahali pamoja, ndege wanaizoea, kwa hiyo lazima ihamishwehamishwe. Uhai wote wa alama hii umo kichwani mwa ndege. Leo anakimbia, kesho anashuku, keshokutwa anasogea kidogo, kisha anatua begani. Hapo una hadithi nzima kabla hujaandika mhusika wa pili.

Mwandishi wa Marekani L. Frank Baum alilijua hilo. Katika kitabu chake cha mwaka 1900 kuhusu nchi ya kubuni ya Oz, sanamu inamsimulia msichana Dorothy maisha yake, na maisha yenyewe ni mafupi, maana imetengenezwa juzi. Mkulima aliichora masikio kabla ya macho, kwa hiyo ilisikia kabla ya kuona. Ndege wa kwanza walipoiona walikimbia, nayo ikajiona mtu wa maana. Kisha akaja kunguru mzee, akaitazama vizuri, akatua begani na kuanza kula mahindi. Kunguru huyohuyo ndiye aliyeifariji akiiambia kwamba ingekuwa na akili ingekuwa mtu kama watu wengine. Hebu rudia hapo. Kiu ya akili inayoisukuma sanamu safari nzima aliipanda mwizi, yule ambaye hakuogopa.

Wengi tunaikumbuka filamu ya kitabu hicho ya 1939, mwigizaji wa sanamu, Ray Bolger, akiyumba kama hana mfupa hata mmoja, na utamu wa wimbo wake unatusahaulisha ukali ulioko kitabuni. Baadaye humo kitabuni mchawi anatuma kunguru arobaini wawashambulie wasafiri. Mfalme wao anasema huyu ni mtu wa kujazwa tu, anaruka kwenda kumdonoa macho, na sanamu inawanyonga shingo wote arobaini mmoja mmoja. Kitu pekee kinachoiogopesha ni kijiti cha kiberiti kilichowashwa. Mwandishi, chukua hilo kama zana: ukishajua mhusika wako amejazwa nini, umeshajua ataogopa nini.

Shakespeare naye alianza na ndege. Katika tamthilia yake ya *Measure for Measure*, Angelo, aliyekaimishwa utawala, anasema sheria isigeuzwe sanamu ya shambani isiyobadilika, hadi ndege wa mawindo waizoee na kuifanya kituo chao cha kutua. Maneno yana akili, na anayeyasema anasikika kama mtu mwadilifu. Halafu tunamwona akimtaka Isabella ampe mwili wake ili kaka yake asiuawe. Aliyeonya kuhusu sanamu ndiye mwenye mabua ndani. Nilipoigundua hesabu hiyo niliacha kuhofia kuitumia alama hii ndani ya mazungumzo. Si lazima sanamu yenyewe isimame jukwaani. Mpe maneno yake mtu ambaye yatamrudia.

Kazi ninayoirudia kuliko zote ni hadithi fupi "Feathertop" ya Nathaniel Hawthorne, ya mwaka 1852. Mchawi Mother Rigby anatengeneza sanamu ya bustani yake kwa takataka: uti wa mgongo ni ule ufagio anaourukia usiku, mguu mmoja ni mpini wa jembe, kichwa ni boga lililosinyaa. Anaipenda kiasi kwamba anaona ni hasara kuiacha shambani. Anaipa kiko, na kila moshi unapovutwa, boga linazidi kuwa uso wa bwana mtanashati. Anamtuma mjini akachumbie binti wa tajiri. Mtaa mzima unaduwaa kwa heshima. Wanaotambua ni wawili tu: mbwa anayefyata mkia na kukimbia akilia, na mtoto mdogo anayepiga kelele kuhusu boga.

Halafu kinakuja kioo. Feathertop, yaani sanamu yenyewe, anajiona, anarudi mbio kwa aliyemuumba, anakitupa kiko na kuanguka rundo la takataka. Mother Rigby anasikitika kwamba dunia imejaa watu wa takataka kama zilezile, wanaheshimika, na hawajioni kamwe. Wa kwake alijiona, na kwa hilo akafa. Mimi ukurasa huo huniuma kila mara. Hawthorne alifanya jambo ambalo wengi hatulithubutu: aliiacha sanamu yenyewe iwe ndege, ijitazame kutoka nje na iache kuamini.

Kwenye filamu nyingi za kutisha alama hii imechoshwa, na sababu ni kosa langu lilelile. Gunia usoni, panga mkononi, basi. Scarecrow (Kiingereza cha sanamu ya kutishia ndege), adui wa Batman aliyezuka kwenye vibonzo mwaka 1941, anaepuka kosa hilo kwa sababu kazi yake ni hofu yenyewe. Katika filamu ya Batman ya 2005, ukivuta hewa ya sumu yake, gunia analovaa usoni linageuka jinamizi machoni pako. Asiyevuta anaona gunia. Ndege kwanza, tena.

Iliyonitikisa ni filamu ya televisheni ya 1981, *Dark Night of the Scarecrow*. Bubba, mtu mzima mwenye akili ya mtoto, anasingiziwa kumdhuru msichana mdogo. Mama yake anamficha shambani ndani ya mavazi ya sanamu. Wanaomsaka wanaona macho ya mtu kwenye matundu ya gunia, wanampiga risasi, kisha wanasikia kwamba msichana yu hai na Bubba ndiye aliyemwokoa. Kila siku tunaogopa mabua tukidhani ni mtu; hapa mtu aliuawa kwa sababu wauaji walikubaliana kumwona mabua. Ukiandika kuhusu wanaonyimwa utu wao, ichunguze filamu hii kabla ya nyingine.

Kuna njia nyingine isiyo na kitisho kabisa. Katika *Kojiki*, kitabu cha Japani kilichokamilika mwaka 712, anatokea mungu mdogo baharini na hakuna anayemjua jina. Chura anashauri aulizwe Kuebiko, ambaye ni sanamu ya shambani. Kuebiko hawezi kutembea, lakini anajua kila kilichoko chini ya mbingu, na jina analitaja. Asiyeondoka ameona kila aliyepita. Hadithi yako ikihitaji shahidi, sanamu imeshasimama hapo.

Jambo dogo la mwisho ni nguo. Sanamu haivai nguo zake. Hata kofia ya yule wa Oz ilikuwa ya mtu mwingine kabla yake. Uliza ilivuliwa kwa nani. Swali hilo ndilo lililofufua hadithi yangu, miaka minne baada ya kurudishwa. Sasa lipo shamba la mtama, na mjane anaivika sanamu koti la marehemu mumewe kwa sababu ndilo lililokuwepo. Wiki nzima ndege wanakimbia, naye anazoea kumwona mtu yule kupitia dirishani. Siku ya nane kunguru anatua kwenye kola. Mjane anatoka mbio, kuni mkononi, na si kwa ajili ya mtama.

Nilimpelekea mhariri yuleyule. Aliikubali, na pembeni mwa ukurasa wa kwanza akaandika swali jipya: "Koti lilikuwa rangi gani?"