Maswali ya wasomaji: Sharia ya Aceh iliombwa na nani?

SWALI: Salaam aleikum mukubwa. Hapa Kadutu, kisha swala, baba mmoja alitwambia kama batu ba Aceh, kule Indonesia, balipigania sharia miaka mingi mpaka bakapewa kujitawala. Mwingine akakataa, eti ilikuwa vita ya gazi tu. Nani iko na haki?
Msomaji, Bukavu

JIBU: Aleikum salaam ndugu yangu. Yule wa kwanza amepindua mambo. Watu wa msituni, GAM, ni kusema Harakati ya Aceh Huru, walioanza 1976 na Hasan di Tiro, walitaka uhuru kabisa, juu gazi ya Arun ilikuwa inatoka kwao na faida inaenda Jakarta, kwa serikali kuu ya Indonesia. Sharia njo Jakarta yenyewe iliwapa, kwa sheria za 1999 na 2001, ikifikiri watu wakishapata dini wataacha bunduki. Hawakuacha! Vita iliisha kisha ile tsunami ya 26/12/2004, GAM na serikali wakatia sahihi amani kule Helsinki 15/8/2005, Ahtisaari, rais wa zamani wa Finland, akiwa mpatanishi.

Dini walikuwa nayo zamani sana, Aceh wanaiita Serambi Mekkah, ni kusema baraza ya Makka. Lakini dini ya baraza na dini ya ofisi si kitu kimoja. Saa hii iko na polisi yake, Wilayatul Hisbah, iko na bajeti, na mwislamu anayetaka kiti cha uchaguzi lazima kwanza asome Kurani mbele ya wapimaji. Ndiyo pale siasa inaingia, juu nani atasimama kwenye kampeni aseme sheria hii inazidi? Gavana Irwandi Yusuf, mutu wa GAM yeye mwenyewe, alikataa kutia sahihi sheria ya 2009 ya kupiga wazinzi mawe, na 2014 ikapita nyingine, bila mawe lakini na viboko. Mimi mwislamu, na inaniuma vile mwanamke anachapwa mbele ya watu wanaomfilimu na simu, halafu rushwa ya wakubwa haimo kabisa ndani ya ile sheria.

Baba wa pili naye hakukosea sana: makubaliano ya Helsinki yaliiachia Aceh asilimia 70 ya mapato ya mafuta na gazi yake, tena vyama vya jimbo, kitu ambacho majimbo mengine ya Indonesia hayana, na wapiganaji wakafungua Partai Aceh yao, 2009 ikaongoza uchaguzi wa jimbo. Huku kwetu Congo katiba ya 2006 imeandika asilimia 40 ya mapato ibaki kwenye jimbo, na mpaka leo magavana wanaililia Kinshasa.