Swali la lugha: "Parlano" inanishinda

Msomaji wa Malindi anauliza: "Kiitaliano nimekiokota kwa wateja wa hotelini. Nikisema *parliamo* (tunazungumza) hakuna neno, lakini *parlano* (wanazungumza) hunisahihisha kila mara. Nakosea wapi?"

Unaweka mkazo wa Kiswahili. Kwetu mkazo hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, na neno likirefuka nao unahama: unaSEma, unaseMAje. Tumezoea mno hata hatusikii tena kwamba umehama. Basi ukikutana na *parlano*, ulimi wako unasema parLAno.

Mwitaliano hahamishi. Chukua umoja, PARla, "anazungumza", ubandike *-no* bila kugusa kingine: PARlano. Hiyo *-no* ni mkia tu, haivuti mkazo. Vivyo hivyo parLAva, "alikuwa akizungumza", inazaa parLAvano. Na teLEfona, "anapiga simu", inazaa teLEfonano, mkazo silabi ya nne kutoka mwisho! Hii ifanyie mazoezi taratibu, ukipiga kofi moja tu penye LE, kisha uziache silabi tatu zilizobaki ziteleze.

*Parliamo* inakutoka vizuri kwa sababu mkazo wake umeangukia pale pale tulipozoea. Ila chunga silabi: ni tatu, par-lia-mo. Sisi "kulia" ni ku-li-a, kila irabu na silabi yake. Wao hiyo *i* inayeyuka, inakaribia "y". Konsonanti nazo hugawanywa tofauti. Katika *mangiano*, "wanakula", *n* inafunga silabi ya kwanza: MAN-gia-no, na *i* haitamkwi. Sisi tungeisogeza mbele, kama tunavyosema ta-nga-za.

Usidhani wanakusahihisha kwa ukorofi. Mkazo kwao hubadili maana, na kwa kawaida hauandikwi ila ukiwa kwenye silabi ya mwisho. CApitano ni "yanatokea", capiTAno ni nahodha, na capitaNÒ, yenye alama yake, ni "aliongoza". Herufi ni zile zile.

Nasi tunayo mfano wake, ingawa ni nadra: baraBAra unapita, lakini kazi iliyofanywa sawasawa imefanywa baRAbara. Anza na hilo. Litamke mara mbili, kwa mkazo huu na ule, halafu useme PARlano.